Mama, usiache kidonge cha homoni bila daktari

Mama yangu mdogo ana miaka 51, anauza vitenge sokoni hapa Songea. Hata Julai, baridi yetu ikiuma, yeye alikuwa anavua sweta na kujipepea kwa kanga. Usiku analowa jasho, usingizi hapati.

Daktari alimwandikia tiba ya homoni: kidonge cha estrojeni na kingine cha projesteroni. Joto likapungua. Lakini matiti yakauma, tumbo likajaa, na kile kidonge cha pili kikamfanya asinzie dukani. Akakiacha kimyakimya.

“Kinachonisaidia ni hiki cha kwanza, mwanangu. Hicho kingine cha kazi gani?”

Hapo ndipo penye hatari. Estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, na baada ya muda inaweza kuleta saratani. Projesteroni ndiyo inayoulinda. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida haihitaji. Mwenye nao asiiache.

Habari njema ni kwamba maudhi haya yanarekebishika. Mengi hupungua ndani ya miezi mitatu. Yakikuzidi, rudi kwa daktari. Anaweza kupunguza dozi ya estrojeni, kubadili aina ya projesteroni, au kukuhamishia kwenye plasta au jeli ya kupaka, ambazo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya vidonge. Ukisikia kichefuchefu, uliza kama unaweza kumeza dawa na chakula. Mama mdogo alibadilishiwa saa tu: sasa anameza projesteroni akiingia kitandani, na usingizi aliokuwa anaulalamikia unamfaa.

Mambo mengine hayasubiri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Matone ya damu miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakipita miezi sita, yakiwa mengi au yakianza upya, kapimwe. Na hata kama hutumii homoni, damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi usiseme “siku zimerudi”. Kapimwe.

Siku ya kliniki beba maboksi yote ya dawa, na useme ukweli ni zipi unameza na zipi umeacha.

Kina baba, nanyi jioni hii muulizeni mama: dawa zako zinakuendeaje?