Tuuache Mgunga: Jalada la Toleo Lijalo na Somo la Rolling Stone

Toleo lijalo la jarida letu linahitaji jalada, na mapendekezo matatu yamekwisha kufika mezani kwa kamati. La kwanza ni mgunga uliosimama peke yake wakati wa machweo, na twiga kando yake. La pili ni ramani ya Afrika iliyojazwa rangi za bendera. La tatu ni picha ya Freddie Mercury, kwa hoja kwamba alizaliwa Unguja na hakuna asiyemjua. Kamati imeomba maoni ya wanachama. Haya ndiyo yetu, sisi watano tunaobaki darasani Alhamisi jioni: mapendekezo yote matatu yawekwe kando, na jalada litoke hapa hapa Minneapolis na Saint Paul.

Wapo watakaosema jalada ni jalada tu, la muhimu ni makala. Hatukubaliani nao. Jarida letu huwekwa juu ya meza pamoja na majarida ya vilabu vingine, na anayepita hajasoma hata mstari mmoja kabla hajaamua kama jambo hili linamhusu au halimhusu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mezani penye magazeti ishirini, hata kizuri hakijiuzi kama kimewapa watu mgongo.

Watu walioijua sana kazi hii ni watengenezaji wa majarida ya muziki wa roki. Walikuwa na tatizo gumu kuliko letu, kwa sababu walikuwa wakiuza muziki kwa karatasi, na karatasi haitoi sauti. Ilibidi jalada lisikike kwa macho. Ndiyo maana tumelichukua jarida la Rolling Stone, tukayatazama majalada yake machache, tukajiuliza yamefanya nini na yameacha kufanya nini.

Kwa kazi hiyo hatukuazima kipimo kutoka mbali. Msomaji wa Kiswahili amezoea kusoma kitu cha namna hii kila siku, nacho ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo huzunguka na kushika mpaka, mji hukaa katikati na kubeba picha, jina huandikwa chini ya mji na kusema neno. Anayenunua hutazama mji, kisha huuliza jina. Jalada nalo lina pindo lake, yaani jina la jarida na mpangilio unaorudi kila toleo hadi watu wakaujua. Lina mji wake, ambao kwa kawaida ni uso wa mtu. Na lina jina lake, yaani maneno machache yanayomwambia mpita njia kwa nini asimame.

Tuanze na toleo la kwanza kabisa, la tarehe 9 Novemba 1967, lililotoka San Francisco. Jina la jarida lilichorwa kwa mkono na Rick Griffin, msanii wa mabango ya muziki ya mji huo, kwa herufi zinazojikunja kama moshi. Hilo lilikuwa pindo, na lilisema jarida ni la wapi. Mji ulikuwa John Lennon. Hakushika gitaa wala hakusimama jukwaani. Alivaa kofia ya chuma ya askari yenye wavu na miwani ya duara, kama alivyoonekana katika filamu ya How I Won the War ya mwaka huo. Marekani ilikuwa vitani Vietnam. Jarida la muziki lilianza maisha yake kwa mwanamuziki aliyevaa vazi la vita, na kila kijana aliyekuwa akingoja barua ya kuitwa jeshini alielewa bila kuelezwa.

Jalada la pili tulilolitazama ni la tarehe 22 Januari 1981. Annie Leibovitz alipiga picha hiyo tarehe 8 Desemba 1980, saa chache kabla Lennon hajauawa. Lennon yuko uchi, amejikunja kama mtoto mchanga na kumkumbatia mkewe, Yoko Ono, aliyelala akiwa na nguo zake. Wahariri hawakuweka kichwa cha habari chochote. Mwaka 2005 chama cha wahariri wa majarida wa Marekani kilichagua jalada hilo kuwa bora kuliko yote ya miaka 40 iliyotangulia. Kwetu lina funzo moja: mji ukisema vya kutosha, jina liache nafasi. Kanga yenye maneno mengi mno haisomeki ikitembea.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi Agosti 1979 lilianzishwa hapa gazeti la kila mwezi la kuandika habari za muziki wa miji yetu miwili. Liliitwa Sweet Potato, yaani Kiazi Kitamu, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angelikumbuka tangu siku ya kwanza. Mwaka 1981 likawa la kila wiki na kubadilishwa jina kuwa City Pages, likaendelea hadi lilipofungwa mwaka 2020. Ukurasa wa mbele wa toleo la kwanza la Kiazi Kitamu uliwekwa bendi ya The Cars. The Cars walikuwa bendi nzuri, lakini walikuwa watu wa Boston. Gazeti lililozaliwa ili kuutazama mji wake lilipiga hodi kwa sura ya mgeni.

Tunawaelewa. Uso unaojulikana huvuta watu, na gazeti changa lina njaa. Lakini fikirini ni nani alikuwa akiishi mjini humu mwaka huo. Alikuwapo kijana wa upande wa kaskazini wa Minneapolis, mwenye umri wa miaka 21, aliyekwisha kutoa albamu yake ya kwanza mwaka uliotangulia na kupiga karibu ala zote peke yake. Jina lake Prince.

Miaka minne baadaye, tarehe 28 Aprili 1983, Rolling Stone, ambalo lilikuwa limehamia New York, lilimweka Prince kwenye jalada pamoja na mwimbaji Vanity. Picha ilipigwa na Richard Avedon, bwana aliyejulikana kwa kumsimamisha mtu mbele ya ukuta mtupu ili macho yasipate pa kukimbilia. Tuliitazama kwa muda mrefu kwa sababu ya kile ambacho hakimo. Hamna theluji. Hamna ziwa, wala ghala la ngano, wala mto Mississippi. Minnesota yote imeachwa nje, amebaki binadamu. Mhariri asiye na imani angetafuta ishara ya kumwambia msomaji huyu kijana ametoka wapi. Avedon hakutafuta. Alimwamini mtu mwenyewe.

Mwaka huo jambo hilo halikuwa dogo. Roki ilizaliwa na watu weusi, na toleo la pili la Rolling Stone lenyewe lilikuwa na Tina Turner, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 milango mingi ilikuwa imejibana. Januari 1983 David Bowie, akihojiwa na kituo cha televisheni cha MTV, aliwauliza hewani kwa nini wanaonyesha wanamuziki weusi wachache hivyo. Februari Michael Jackson akawa kwenye jalada la Rolling Stone, Aprili akafuata Prince. Anayewekwa mbele hutangazwa kuwa mwenyeji. Anayewekwa ndani, ukurasa wa 40, amekaribishwa tu.

Prince mwenyewe aliielewa kazi ya jalada kuliko wahariri. Aliacha kuhojiwa kwa zaidi ya miaka miwili, na aliporudi kusema, Septemba 1985, habari iliyouza jalada ilikuwa hiyo tu: kwamba amesema. Mwandishi aliyempata, Neal Karlen, alikuwa mtu wa huku huku Minnesota. Kisha mwaka 1993 Prince akaacha jina lake na kuchukua alama isiyotamkika. Majarida hayakuwa na herufi hiyo katika mashine zao, ikabidi yapelekewe disketi zenye alama hiyo ili waweze kuichapa. Hebu pimeni nguvu hiyo: wahariri wa New York na London walibadilisha herufi zao ili waweze kumwita mtu wa Minneapolis kama alivyotaka kuitwa.

Tukishika hayo mkononi, turudi kwenye mapendekezo matatu.

Mgunga na twiga ni mandhari bila mtu. Kwa miaka mingi waandishi na wasomaji wamelalamikia majalada ya riwaya za Kiafrika zinazochapishwa Ulaya na Marekani: mwandishi awe wa Lagos, Nairobi au Kampala, jalada ni mti uleule na jua lilelile la rangi ya chungwa. Picha hiyo haimsemeshi Mswahili. Humsemesha mtalii. Mtu wa Mombasa, wa Bukavu au wa Kariakoo akiiona hataona kwao, ataona tangazo la safari. Tukiiweka sisi, tutakuwa tumewaambia wapita njia kwamba Kiswahili ni lugha ya mahali unapokwenda likizo, wakati kinazungumzwa ndani ya basi wanalopanda kila asubuhi.

Ramani nayo ina kosa la ukubwa. Kiswahili ni lugha kubwa, lakini si lugha ya bara zima. Anayeweka bara lote huwa amekosa la kusema juu ya pwani, maziwa makuu, au mtaa wake.

Freddie Mercury ndiye mgumu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko London alisomea usanifu wa michoro, na nembo ya Queen, yenye simba wawili, kaa, mahurulaini wawili na ndege mkubwa juu yao, aliichora mwenyewe kwa kufuata nyota za wanabendi wanne. Mtu wa namna hiyo anastahili makala kamili katika jarida letu, na mmoja wetu yuko tayari kuiandika. Lakini jalada ni jambo jingine. Kumweka mbele ni kurudia ya Kiazi Kitamu na The Cars: kuazima uso unaojulikana kwa sababu hatuamini kwamba nyuso zetu zinatosha.

Na nyuso zetu ni zipi? Kule Brooklyn Park wako Wakenya wengi, na wengi wao huwatunza wazee usiku kucha, wakarudi nyumbani theluji ikianza kuzolewa barabarani. Hapa Cedar-Riverside, chini ya majengo marefu ya Riverside Plaza yenye vipande vya rangi nyekundu, njano na buluu, wako Wasomali waliokulia Nairobi, Mombasa na Dadaab, na Kiswahili chao ni cha mtaani, chepesi na cha haraka kuliko cha vitabu vyetu. Wako watu wenye asili ya Barawa, ambao Chimwiini chao ni ndugu wa lugha tunayosoma. Wako Wakongo ambao hutufundisha kwamba sarufi ya Zanzibar si sarufi ya kila mtu. Jarida la Kiswahili la mji huu likiwa na mwenyeji, ni hao.

Tunajua pingamizi moja la haki. Wengi wa majirani hao hawatapenda sura zao ziwekwe mezani chuoni, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu wamekimbia mahali ambapo kujulikana kulikuwa hatari. Hilo tuliheshimu bila kubembeleza mtu. Mji wa jalada si lazima uwe uso. Ukuta wa First Avenue, ukumbi wa muziki wa mjini kwetu, umejaa nyota zilizoandikwa majina tu, bila sura hata moja, na watu husimama kuzisoma.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Mwanamke, kwa ridhaa yake, apigwe picha kwa nyuma akingoja treni katika kituo cha Cedar-Riverside. Juu ya koti lake la baridi ajifunge kanga mabegani, na jina la kanga lisomeke wazi mgongoni. Jina hilo ndilo liwe kichwa cha habari cha jalada, na lisiwepo jingine. Sisi tungependa "Mgeni njoo, mwenyeji apone", ila kamati ikipata lenye maana zaidi tutalikubali. Nyuma yake yaonekane yale majengo ya rangi, basi. Mpiga picha atajwe kwa jina ukurasa wa ndani, na mama naye atajwe iwapo atapenda.

Jambo la mwisho, ambalo tunaomba walimu wetu watuunge mkono: maneno hayo yasitafsiriwe kwenye jalada. Prince hakuwatafsiria wahariri alama yake. Asiyejua maana ya jina la kanga atauliza, na atakayeulizwa ni mwanachama wa klabu hii. Hapo jalada litakuwa limefanya kazi yake, maana litakuwa limeanzisha mazungumzo kwa Kiswahili.

Kura ni wiki ijayo. Theluji ikiwa bado ipo, picha itapendeza zaidi. Mwenye kanga ya jina zuri aje nayo kwenye mkutano.