Mzee wa Mpondwe akifariki, nani anajua deni la Kasindi?

Katika soko la Mpondwe, biashara nyingi ya wazee haipo kwenye karatasi. Magunia ya samaki wa chumvi yameshavuka kwa mteja wa Kasindi kwa ahadi ya kulipa baadaye. Fedha za vitenge zimebaki kwa mshirika wa Butembo. Stoo ya Bwera imekodishwa kwa neno la mdomo. Hesabu zote mzee anazo kichwani, na kwa miaka mingi kichwa kimemtosha. Siku akifariki, wadai hufika matangani mapema, wadaiwa hawaonekani.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini sheria za mirathi zilibaki kila moja kwao. Mwaka huohuo Uganda ilirekebisha Sheria ya Urithi: asiyeacha wosia, watoto na wajukuu hupata asilimia 75 ya mali, mjane au mgane 20, wategemezi wengine 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia haiingizwi kwenye mgawo. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kanuni ya Familia ya 1987 nayo huwapa watoto robo tatu, ila robo iliyobaki hugawanywa kati ya mwenzi, wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane mwenye kibanda Mpondwe na kiwanja Kasindi atakutana na hesabu mbili tofauti, na mashemeji wenye haki upande mmja zaidi ya mwingine.

Wosia ungepunguza ugomvi, ila nao una mitego. Uganda inataka saini mbele ya mashahidi wawili, na shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia huohuo hukipoteza. Wazee wengi huwaita wanao kushuhudia, bila kujua wanawanyima. Kongo inatambua wosia wa mkono ikiwa mwenyewe ameuandika wote, akaweka tarehe na saini. Uliopigwa chapa Bwera hauwezi kupita kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kijana anayeanza na neno "wosia" hukosea mlango. Mzee husikia kwamba anachimbiwa kaburi. Madeni ni mlango mzuri zaidi, kwa sababu kufunga hesabu ni kazi aliyoizoea. "Baba, tuandike walio na mali yetu ng'ambo" ni maneno ya kazi. Daftari moja linatosha: jina, kiasi, shilingi au faranga au dola, na nani alikuwapo. Kutoka hapo mazungumzo hufika yenyewe kwenye stoo, kwenye mizani iliyovunjika, magunia yaliyooza na risiti za mizigo iliyouzwa zamani. Akiwa na noti za zaire, zilizokosa kazi faranga ilipoingia mwaka 1998, aachiwe. Hazidaiwi na mtu.

Kugawa mali kubwa ni jambo jingine, na hapa wazee wana sababu ya kusita. Mama anayemkabidhi mwanawe kibanda, au shamba la chumvi pale Katwe, anaweza kujikuta akiomba nauli. Posho ya serikali kwa wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa kawaida huanzia miaka 80. Mwenye miaka 68 aliyetoa vyote ana miaka 12 ya kungoja. Kwa hiyo ni busara akabidhi kazi kwanza, abaki na sehemu ya faida, na makubaliano yaandikwe mbele ya familia na mwenyekiti wa LC1. Ardhi ya familia haihamishwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema hivyo.

Simu nayo ni stoo siku hizi. Mtoto anayejua namba ya siri hukimbilia kutoa fedha kabla ya mazishi, akidhani anaokoa mali. Kisheria anaingilia mali ya marehemu, na ndugu wakitaka wanaweza kumshtaki.

Karatasi zenyewe zisikae sanduku moja. Mto Nyamwamba ulipofurika Kasese mwaka 2013, na tena 2020, ulibeba nyumba na vilivyomo. Nakala moja ya daftari ikae kwa binti aliyeolewa mbali na mto, nyingine kwa mtu anayeaminika upande wa Kasindi, ambako wadaiwa wenyewe wako.