Hofu Isilale na Mtu Peke Yake

Wahenga walisema kufa kwa wengi harusi. Asiye na subira hudhani maneno haya yanamkejeli maiti, kumbe yamebeba jambo ambalo watu wa kaunti za Homa Bay na Migori, hapa Kenya, wamelijua kwa gharama kubwa: msiba ukibebwa na wengi, mfiwa hubaki na akili zake, ukibebwa na mmoja, humvunja. Nayasema haya kwa kuwa misukosuko ya dunia imetufikia tena mlangoni, nami naona kila mtu anaingia kulala na hofu yake peke yake.

Tarehe 20 Januari 2025, amri ilitiwa saini Washington kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Mwezi haukwisha kabla ya wahudumu wengi wa miradi ya UKIMWI nchini Kenya kuambiwa wakae nyumbani. Ndugu msomaji, uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima 4.9 katika kila 100 nchini wana virusi vya UKIMWI. Homa Bay walikuwa 19.6. Basi wino ule uliomwagika ng'ambo ulifika hadi kwenye mkebe wa dawa uliofichwa kabatini, Mbita na Muhuru Bay.

Lakini kuna jambo linalonitisha kuliko amri yenyewe. Anayeamini kwamba dawa zitakwisha kesho huanza kupunguza tembe leo, ili zimfikishe mbali. Virusi navyo hupata nafasi ya kuizoea dawa, na mgonjwa hudhoofika ilhali mkebe wake bado una tembe. Hivyo ndivyo hofu inavyolitangulia janga na kulifanyia kazi yake. Na hofu hii haitoki kwa mtu mmoja. Huja na ujumbe wa simu usio na jina wala tarehe, ukapokelewa saa nne usiku na mama asiye na wa kumuuliza, naye akautuma kwa dada yake Rongo kabla ya kulala.

Tulishapita njia hii. Wakati wa ayaki, kama tulivyouita ugonjwa huo kwa Kijaluo, ukimya ndio uliotangulia kuua. Watu walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na mgonjwa akafichwa nyumba ya nyuma. Nyanya walibaki na wajukuu, wengine wachanga wa kunyonya. Mnamo 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, bila malipo, katika hospitali ya Homa Bay. Mwaka huo huo Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati wake.

Jibu lilitoka Ndhiwa, huko huko Homa Bay. Mwaka 2012, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne huko alikuwa na virusi. Uchunguzi ulirudiwa mwaka 2018, ukakuta Ndhiwa imefikia shabaha ya Umoja wa Mataifa ya 90-90-90: wengi mno walijua hali yao, walikuwa kwenye dawa, na virusi vyao vilikuwa vimefifishwa. Dawa zilifanya kazi, sikatai. Lakini nani aliyekumbusha saa? Ni mke na mume, ni mgonjwa mwenza, ni nyamrerwa, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekata vichochoro kwa miguu kumuuliza fulani mbona hakuonekana kliniki. Saa ya Ndhiwa ilikuwa watu.

Mwaka 2020 tulijaribiwa kwa namna nyingine, korona ilipoingia. Kafyu ilianza Machi 27, na mazishi yakawa ya watu wachache, ya haraka, bila matanga. Desturi ya tero buru, ya kukifukuza kifo kwa ng'ombe na nyimbo hadi mpakani, ilinyamaza. Sisemi masharti yale yalipaswa kuvunjwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Nasema tuliondoa maombolezo na mahali pake hatukuweka kitu. Mwaka huo huo Ziwa Viktoria lilifurika na kuwahamisha watu wa ufukweni. Wako waliofiwa wakati ule ambao mpaka leo hawajalia.

Utaniuliza: je, si watu wengi hao hao wanaoeneza uvumi na kuwasha ghasia? Ni kweli. Ila watu mia mbili katika kundi la WhatsApp hawajakutana. Hakuna anayeuona uso wa mwenzake ukibadilika. Nyoluoro, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya akina mama kumi na wawili ina siku yake, ina mweka hazina, ina sheria, na mwanachama asipofika mtu hutumwa kwake. Hapo habari mbaya ikiingia huulizwa imetoka kwa nani, na wa kwenda kuhakikisha hospitalini huchaguliwa kabla chai haijapoa. Moyo mmoja wa jamii namna hiyo hujengwa kwa miaka, na ni lazima ujengwe kabla ya janga.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa makanisa, machifu, wahudumu wa afya ya jamii na wenyeviti wa vikundi vya wavuvi toka Sori hadi Kendu Bay: fungueni mikutano yenu kwa kuuliza nani anaogopa nini. Habari za vita na za misaada zitakuja tena, na bei ya unga itapanda tena. Hayo hayamo mikononi mwetu. Lakini kujua nani kijijini hajalala kumo mikononi mwetu.

Nawe msomaji, kama unamjua mtu aliyeanza kupunguza tembe zake kwa hofu, usimtumie ujumbe. Nenda kwake kesho asubuhi, kaa naye, kisha mwandamane hadi kliniki.