MWIBA KOONI HAUSUKUMWI KWA BUGALI

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama mnaotupikia nyumbani,

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare tunakula samaki wa Lualaba tangu utoto. Na dawa ya mwiba kila mtu anaijua: meza tonge kubwa la bugali bila kutafuna, mwiba ushuke. Mimi nasema wazi: dawa hiyo tuiache.

Siku moja aliletwa dispanseri mchimbaji mmoja, kijana mwenye nguvu. Mwiba ulikuwa umemkwama, naye akamezeshwa matonge siku mbili. Homa ilikuwa kali, shingo imevimba. Nilipoibonyeza, ngozi ililia chini ya vidole kama majani makavu. Hiyo ilikuwa hewa iliyotoka mahali pake. Umio ulikuwa umetoboka. Tulimtuma hospitali kubwa, lakini njia ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake.

Umio ni mfereji wa chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, nao hupita nyuma ya moyo. Ukipasuka, mate, chakula na vijidudu humwagika kifuani, na usaha huanza. Si mwiba peke yake unaoupasua. Mtu akitapika kwa nguvu nyingi, kama baada ya kula sana na kunywa lotoko kupita kiasi, umio unaweza kupasuka kwa msukumo ule. Mwaka 1724 daktari Herman Boerhaave wa Uholanzi alieleza jinsi mkuu mmoja wa jeshi la majini alivyokufa hivyo. Ilipita miaka zaidi ya 200 hata mganga Norman Barrett wa Uingereza akaushona umio wa namna hiyo, mwaka 1947, na mgonjwa akapona.

Siku hizi iko njia nyingine, stenti. Ni bomba la nyavu za chuma lililofunikwa kwa utando laini. Huingizwa kinywani likiwa limekunjwa, kisha hufunguka ndani ya umio na kufunika tundu. Jeraha hupata nafasi ya kufunga, na baada ya wiki chache bomba hutolewa.

Wengine huniambia: «Muganga, basi kampuni ilete stenti.» Kuitamani si kosa. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, ilianza mwaka 1999 kuwawekea stenti watu walioshindwa kumeza kwa sababu ya kansa ya umio. Hadi 2008 walikuwa wamepita 900. Basi si kazi ya Ulaya tu.

Lakini stenti hufunika tundu tu. Usaha uliokwisha kujaa kifuani hutolewa kwa njia nyingine, na mgonjwa hupewa dawa kali za kuua vijidudu. Anayetibiwa kabla ya saa 24 kwisha ana nafasi nzuri kuliko wa siku ya tatu. Saa hizo haziko mikononi mwa daktari wa mbali. Ziko mikononi mwetu.

Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Mwiba ukikwama, usimeze tonge, usitie kidole kooni, usijitapishe. Njoo dispanseri mara moja.

2. Baada ya mwiba au kutapika, mtu akipata maumivu makali ya kifua au shingo, homa, au shida ya kupumua, asipewe kitu kinywani: si maji, si maziwa, si mafuta ya mawese, si dawa ya miti. Anachomeza kinaweza kumwagika kifuani.

3. Ninyi makapita, mtu kama huyo msimwambie amalize zamu kwanza. Si mvivu.

4. Mama, toeni miiba kabla ya kumpa mtoto samaki.

Nayo kampuni nina neno nayo: gari la wagonjwa liwe na mafuta na dereva usiku kama mchana. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua tunajua njia ilivyo. Tukipoteza usiku mmoja nyumbani na mwingine tukingoja gari, hata stenti ikipatikana itamkuta mtu amekwisha kuchoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa umio hauzibwi kwa bugali.