Kikombe na Goti la Mtoto

Kila mwaka, mvua zinapokatika na pamba inapoanza kubebwa vituoni, shule zetu huingia katika msimu wa mashindano. Watoto wa kata ya Kasoli hupambana na wenzao wa kata nyingine za Bariadi. Waliochaguliwa huunda timu ya wilaya, kisha timu ya mkoa wa Simiyu, na wachache wenye bahati hufika kwenye fainali za taifa za UMITASHUMTA au UMISSETA. Ni jambo jema, na hatuna nia ya kulipunguzia heshima yake. Mtoto ambaye hajapata kuvuka mpaka wa wilaya yake hupanda gari kwenda Tabora au Mtwara akiwa amevaa fulana yenye jina la mkoa, na akirudi huwa mtu mwingine.

Lakini liko jambo moja katika michezo hii ambalo halisemwi vya kutosha, na leo tunapenda kulizungumza na walimu pamoja na watumishi wa halmashauri, maana hao ndio wenye kuliamua. Ni habari ya mchezaji aliyeumia wakati mashindano yamefikia mchujo. Nani mwenye haki ya kusema arudi uwanjani? Na akirudi mapema, akaumia zaidi, nani atakayembeba?

Tuanze na mpira wa kikapu, mchezo ambao unaumiza kifundo cha mguu na goti kuliko watu wengi wanavyodhani. Mchezaji huruka, hugeuka angani, na mara nyingi hutua juu ya mguu wa mwenzake. Katika nchi yenye utajiri mkubwa kama Marekani, ambako kila timu ya ligi kuu ina madaktari wake, mashine zake na wataalamu wake wa mazoezi ya viungo, mchujo wa mwaka 2019 ulitoa funzo ambalo halijasahauliwa. Kevin Durant wa Golden State aliumia shavu la mguu tarehe 8 Mei. Akapumzishwa mwezi mzima. Tarehe 10 Juni, timu yake ikiwa ukingoni mwa kutolewa katika fainali dhidi ya Toronto, alirudishwa uwanjani. Alicheza kama dakika 12, akafunga pointi 11, kisha kano ya kisigino ikakatika. Hakucheza tena mechi ya ligi hadi Desemba 2020. Usiku ule kiongozi wa timu hiyo, Bob Myers, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitokwa na machozi, akasema kwamba kama ni lazima lawama imwangukie mtu, basi imwangukie yeye.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo jambo hilo lisingetokea tena. Lilitokea. Katika fainali za mwaka 2025, Tyrese Haliburton wa Indiana aliumia shavu la mguu katika mechi ya tano. Akaendelea kucheza. Tarehe 22 Juni, katika mechi ya saba na ya mwisho, kano ya kisigino cha mguu ule ule ilikatika kabla robo ya kwanza haijaisha. Timu yake ilishindwa, na ikatangaza baadaye kwamba atakosa msimu wote wa 2025/26. Yeye mwenyewe alisema hajutii. Hatuna sababu ya kumlaumu. Alikuwa mtu mzima wa miaka 25, alielezwa hatari iliyokuwapo, mshahara wake ulikuwa palepale, na hospitali ilikuwa inamngoja.

Tunayataja haya si kwa sababu walimu wetu wanahitaji kujua mambo ya Marekani. Tunayataja kwa kuwa yanaonyesha kwamba hata penye madaktari hodari na fedha zisizohesabika, joto la mchujo huwapotosha watu wenye elimu. Basi tujiulize litakuwaje kwa mwalimu mmoja wa michezo, katika kiwanja cha udongo mkavu mwezi wa Juni, mwenye mpira mmoja, filimbi moja na wachezaji tisa, huku ofisa elimu kata na wazazi wakipiga kelele pembeni?

Huyo mwalimu hana eksirei. Hana mtaalamu wa viungo. Ana dawa ya kuchua, ana kitambaa, na ana mtoto wa miaka 14 anayesema, "Mwalimu, naweza." Mtoto siku zote atasema anaweza. Hajui kingine cha kusema, kwani ameota fulana ile tangu darasa la tano. Neno lake hilo lisichukuliwe kuwa ni ushahidi wa lolote.

Hapa hatuna budi kumgusa mzee wetu John Stephen Akhwari, maana jina lake hutajwa kila mara mchezaji anaposita. Tunajivunia Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico, alianguka njiani, akaumia vibaya goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na akawa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Alipoulizwa, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu. Hakuna Mtanzania asiyeguswa na jambo hilo.

Hata hivyo, tunaona kisa hiki kinatumiwa vibaya. Akhwari alikuwa mtu mzima, akikimbia mbio moja, na uamuzi ulikuwa wake. Hakuna kocha aliyemsukuma. Tena kuna sehemu ya kisa ambayo watu hawaisimulii. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika mbio hizo hizo ndefu. Yaani alipona. Goti lile lilipata nafasi ya kupona, ndiyo maana miaka miwili baadaye taifa lilimpata tena akiwa mzima. Mwalimu anayewasimulia watoto habari ya Mexico na asiwasimulie ya Edinburgh amewapa nusu ya hadithi, na ni ile nusu yenye hatari.

Ratiba nayo inahitaji kutazamwa. Katika mchujo wa Marekani, kati ya mechi na mechi kwa kawaida hupita siku moja au mbili, na wachezaji hulala hotelini. Watoto wetu hucheza kila siku, na pengine mara mbili kwa siku, kwa kuwa fedha za chakula ni za siku chache na kambi lazima ivunjwe. Hulala madarasani. Kifundo kilichoteguka Jumatatu kinatakiwa kiwe kimepona Jumanne, jambo ambalo mwili wa binadamu haukubali. Kuteguka kwa kawaida kunataka wiki moja hadi tatu. Kuteguka kubaya kunaweza kutaka miezi. Kano kuu ya ndani ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, wataalamu wanataka mchezaji akae nje ya mashindano si chini ya miezi tisa. Wasichana wako katika hatari zaidi: katika michezo ya kuruka na kugeuka, kano hiyo huwakatikia mara nyingi kuliko wavulana. Tunawaomba wanaosimamia timu za wasichana za kikapu na za netiboli walijue hilo.

Tena mtoto si mtu mzima mdogo. Mifupa yake bado inakua, na mahali inapokulia karibu na viungo ni laini kuliko kano zinazoishikilia. Kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kiungo, kwa mtoto linaweza kuvunja mfupa hapo hapo unapokulia. Ukiunga vibaya, mguu unaweza kupinda au kuwa mfupi. Kwa nje, majeraha hayo mawili hufanana: uvimbe na maumivu. Ndiyo sababu neno "ameteguka tu" ni neno la kuogopwa katika shule.

Je, mwalimu wa Kasoli afanyeje basi, naye hana vifaa? Wapo madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, ambao mwaka 1992 walichapisha kanuni ya kuwasaidia waganga kuamua ni kifundo kipi kinahitaji eksirei. Kanuni hiyo haina gharama, na kiini chake kinaweza kumsaidia hata asiye mganga. Mwombe aliyeumia ajaribu kusimama na kutembea hatua nne. Kama hawezi, apelekwe hospitali. Kisha bonyeza polepole nyuma na chini ya zile nundu mbili za mfupa wa kifundo, ya ndani na ya nje. Maumivu yakiwa juu ya mfupa wenyewe, apelekwe pia. Na akifaulu majaribio yote mawili, bado hachezi siku hiyo.

Jambo jingine ni maji ya moto. Mtoto akiumia kwetu, la kwanza ni kumkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu hadi alie. Hiyo ni huruma, lakini inadhuru. Katika siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchuliwa huongeza uvimbe, na kama kuna mfupa uliovunjika, anayechua anausukuma kutoka mahali pake. Yafaa mguu uinuliwe juu ya begi au tofali, ufungwe kitambaa kisichobana mno, uwekewe kitambaa kilichochovywa maji baridi, upumzishwe. Baada ya siku hizo aanze kuukanyaga taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwani kulala kitandani wiki tatu nako hakujengi mguu. Wanaojua kuunga mifupa vijijini tunawaheshimu, na wengi wamewafaa watu, lakini mkono wao hauoni ndani ya mfupa. Picha itangulie.

Kuhusu kichwa hatuna mjadala. Mtoto aliyegongwa kichwa akapepesuka, au akasahau matokeo, au akatapika, ametoka mchezoni siku hiyo, hata kama ni fainali na amebaki mfungaji mmoja. Apelekwe kwa mganga.

Kinga nayo inawezekana bila fedha. Shirikisho la soka la dunia, FIFA, limeandaa mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi, ya kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa. Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hata kwa wachezaji wa kikapu mazoezi hayo hupunguza majeraha. Hayahitaji kifaa chochote. Yanahitaji mwalimu ayafanye mara kwa mara tangu Januari, si juma moja kabla ya kwenda wilayani.

Sasa tuwageukie watumishi wa halmashauri. Timu inapoondoka, huwa kuna fungu la nauli, la chakula, la fulana. Likitafutwa fungu la matibabu baada ya mashindano, mara nyingi halionekani. Mtoto hurudishwa kwao na mguu uliofungwa kitambaa, na kuanzia hapo gharama ni ya baba yake. Kutoka Kasoli, safari ya kutafuta picha ni kwenda Bariadi mjini. Ikihitajika hospitali ya rufaa ya kanda, ni Bugando, Mwanza, mkoa mwingine kabisa. Mzazi anayeuza mbuzi ili goti lililoumia likichezea wilaya litibiwe ana haki ya kuuliza wilaya iko wapi. Na mguu huo si wa mpira tu. Ndio unaompeleka mtoto shuleni, ndio atakaosimamia shambani wakati wa kupalilia pamba. Kifundo kisichopona vizuri huteguka tena na tena, mtoto akishuka kwenye tuta au akikimbiza ng'ombe.

Watasema wengine kwamba tukiwatoa waliojeruhiwa, timu zetu zitashindwa. Pengine zitashindwa mechi moja au mbili. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, bado ni mkoa mchanga, na tunaelewa hamu ya kuonekana mbele ya mikoa mikongwe. Lakini mchezaji wa miaka 14 anayepumzishwa leo ana mashindano ya sekondari mbele yake, na baada yake ligi za mikoa. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi kuu ya Marekani mwaka 2009, asingefika huko kama magoti yake yangekuwa yamemalizwa katika umri wa shule.

Tunapendekeza yafuatayo, na hayahitaji sheria mpya. Mwalimu wa timu asiwe mwamuzi wa kumrudisha aliyeumia. Aamue mganga wa zahanati iliyo karibu na kambi, kwa maandishi, na neno lake lisipingwe na Ofisa yeyote, awe wa michezo au wa elimu. Kila timu inayovuka mpaka wa wilaya ifuatane na mhudumu wa afya. Gharama ya matibabu ya aliyeumia kambini ibaki kwa halmashauri mpaka apone. Na katika fomu ya usajili wa wachezaji, yenye jina, shule na umri, iongezwe nafasi ya kuandika majeraha aliyowahi kupata mtoto na tarehe aliyoruhusiwa kucheza tena, ili mwalimu wa mkoa anayempokea asimwanzishe mechi ya kwanza bila kujua kwamba kifundo kile kiliumia wiki mbili zilizopita.