Ubaguzi wa Darasani Si Utani

Tarehe 1 Januari, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, sheria mpya ya elimu ilianza kutumika Tanganyika. Sheria hiyo ilivunja mpango wa wakoloni wa kuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Tangu siku hiyo mlango wa shule haukuuliza tena rangi ya mtoto. Lakini sheria hufungua mlango, haifungui moyo. Kazi ya moyo tuliachiwa sisi wazazi, walimu na wananchi.

Twaitazama Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Wako huko Wachaga walioteremka kutoka mlimani ambako vihamba vimekuwa finyu. Wako Wapare, Wakahe, Wasambaa, na wengine walioletwa na kazi ya miwa ya TPC Arusha Chini, ama na mpunga wa mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987. Watoto wa watu wote hao hukaa dawati moja. Hiyo ni neema, lakini neema isiyotunzwa huharibika.

Katika shule zenye mchanganyiko wa namna hii, huko na kwingineko nchini, mtoto huweza kuchekwa kwa lafudhi yake au kwa kabila la wazazi wake. Mtoto wa Kihindi huambiwa arudi kwao, hali kwao ni hapa hapa. Mwenye ualbino hukimbiwa na wenzake. Na sisi wakubwa tukiambiwa, hujibu upesi: "Huo ni utani tu."

Ndugu, utani tunaujua. Wachaga na Wapare ni watani tangu zamani. Mtani hutania naye akataniwa, wakacheka wote wawili. Na siku ya msiba mtani hayuko mbali. Lakini pale mmoja anapocheka na mwenziwe akainamisha kichwa, hapo hapana utani. Hiyo ni dharau, na dharau ndiyo mbegu ya ubaguzi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwalimu asingoje. Neno la kubagua lililosemwa mbele ya darasa lijibiwe siku ile ile mbele ya darasa lile lile. Pili, fimbo peke yake haifundishi. Mkosaji aelezwe kosa lake, kisha aombe radhi mbele ya wale waliosikia tusi. Tatu, asihamishwe aliyetukanwa, maana kumhamisha ni kumwadhibu mwenye haki. Nne, wazazi wa pande zote mbili waitwe mbele ya kamati ya shule, kwa kuwa mtoto hakuzaliwa na maneno hayo. Aliyasikia mezani nyumbani, naye baba alipoyasema alikuwa akicheka.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya watoto ni madogo. Oktoba 1961, Bungeni, wako watu wazima waliotaka uraia wa nchi hii utolewe kwa rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga waziwazi, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo yakataza kumbagua mtu kwa kabila lake, mahali alikotoka au rangi yake. Haikusema kwamba katazo hilo laanza mtu akiisha kuwa mkubwa.

Wakulima wa mpunga wa Mabogini wanajua kwamba anayeziba mfereji juu humkaushia mwenziwe shamba chini. Hawangoji mpunga ukauke ndipo wakamwite. Huenda siku ile ile, wakazibua. Neno la dharau darasani huziba vivyo hivyo, na anayekaukiwa ni mtoto. Yafaa nalo tulizibue mapema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.