Nani hasa anayejitolea katika viwanja vya Mathare?

Neno "kujitolea" limetumiwa mno hata limepoteza makali yake. Kijana wa miaka 19 kutoka Ujerumani anayekuja Nairobi kwa mwaka mmoja kuwafunza watoto kandanda huitwa mtu wa kujitolea. Msichana wa umri uo huo aliyezaliwa Mathare, na ambaye hupuliza kipenga kila Jumamosi katika mechi za watoto hao hao, naye huitwa hivyo hivyo. Jina ni moja, lakini hali zao ni mbingu na ardhi. Wa kwanza amelipiwa nauli, bima, malazi na chakula, na kila mwezi hupata pesa za mfukoni. Wa pili ametoka nyumbani kabla ya kunywa chai, na pengine chai yenyewe haikuwapo.

Sisemi haya kwa husuda, wala sina kinyongo na wageni. Wapo waliokuja wakiwa na moyo safi, wakafanya kazi kwa bidii, na waliporejea kwao hawakutusahau. Lakini kwa kuwa miradi ya michezo mijini sasa imekuwa ya kimataifa, na kwa kuwa walimu wengi huwahimiza wanafunzi wao kujiunga nayo, yafaa tuulize ni nani hasa anayetoa na ni nani anayepokea.

Tuutazame mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts. Ulianzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wa kati ya miaka 18 na 28, wapelekwe kufanya kazi ya kujitolea katika nchi zinazoendelea, na michezo ni mojawapo ya nyanja zake. Mlango wa upande wa pili, yaani wa vijana wa nchi zetu kwenda kujitolea Ujerumani, ulifunguliwa mwaka 2013. Kwa miaka mitano, basi, ilichukuliwa kuwa kijana wa kaskazini ndiye mwenye cha kutoa, na wa kusini kazi yake ni kupokea na kushukuru.

Wanorwe waliliona kosa hilo mapema zaidi. Shirika lao la Fredskorpset, lililoundwa mwaka 1963 kuwapeleka Wanorwe ng'ambo, lilipangwa upya mwaka 2000 ili liwe la kubadilishana. Tangu hapo Mnorwe akija kwetu, wa kwetu naye huenda kwao; na isitoshe, vijana wa nchi moja ya Afrika waliweza kupelekwa katika nchi nyingine ya Afrika. Vijana wa Mathare walikuwa miongoni mwa waliosafiri kwa njia hiyo. Tangu mwaka 2018 shirika hilo linajulikana kwa jina la Norec. Kijana wa Nairobi aliyekwenda Zambia kuwafunza makocha wenzake hakwenda kama maskini wa kuhurumiwa. Alikwenda kama mtu mwenye ujuzi ambao wenziwe wanauhitaji.

Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 pale Bob Munro, raia wa Kanada, alipokubaliana na watoto wa mtaa ule kwamba atawasaidia katika kandanda iwapo nao watausafisha uwanja. Tangu mwanzo, basi, hakuna aliyepewa cha bure. Timu zilijipatia pointi katika jedwali la ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, pamoja na zile za kushinda mechi. Timu kali iliyokataa kushika sepetu iliweza kupitwa na timu hafifu iliyoshika! Mwaka 1992, mwaka wa ule mkutano mkuu wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, chama hicho kilitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Klabu ya Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Mwaka 2003 na 2004 chama hicho kilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata hivyo, kwangu mimi jambo kubwa kuliko vikombe hivyo ni utaratibu wake wa kuwalipia karo vijana wanaojitolea. Kijana anayefunza timu, anayeamua mechi au kuongoza usafi huandikiwa pointi, na walio na pointi nyingi hupata msaada wa masomo. Fedha hupelekwa shuleni moja kwa moja. Kijana hashikishwi noti mkononi, na mzazi hawezi kuzichukua kwa shida nyingine za nyumba, ambazo nazo ni nyingi.

Nimewasikia watu wazima wenye busara, wakiwamo walimu, wakidai kwamba jambo hili linaharibu maana ya kujitolea. Ati anayelipwa si wa kujitolea tena. Dai hilo lina sauti tamu, lakini lina kasoro. Katika mtaa wa mabanda, saa za kijana si za bure hata kidogo. Jumamosi ni siku ya kuchota maji, kufua nguo, kutafuta kibarua, kumsaidia mama kibandani. Kijana akizitoa saa nne kwa watoto wa wenziwe, kuna mkate uliokosekana mahali. Tukisema asipewe chochote, maana yake ni kwamba kazi ya kuongoza vijana itabaki kwa wale tu ambao nyumbani kwao hakuna njaa. Na wa kwanza kuachwa nje atakuwa msichana. Kandanda ya wasichana Mathare ilianza mwaka 1992, miaka mitano baada ya ile ya wavulana, na yeyote anayejua ni nani hulea wadogo zake mama akiwa kazini hatahitaji kuelezwa sababu.

Tena wanaotoa dai hilo hawamuulizi yule kijana wa Ujerumani mbona amelipiwa nauli na chakula. Kwake, kulipiwa huitwa kuwezeshwa. Kwetu, huitwa tamaa.

Kuna kazi nyingine ambayo haiandikwi katika ripoti yoyote. Mgeni anapofika, hajui Kiswahili, seuze Sheng. Hajui ni njia ipi haipitiki baada ya magharibi, wala kwa nini mtoto fulani amekuja uwanjani siku tatu mfululizo pasipo kwenda shule. Anayemtafsiria, anayemsindikiza hadi kituo cha matatu na kumweleza habari za kila nyumba ni yule yule kocha kijana wa mtaani. Baada ya miezi 12 mgeni huaga, picha zikapigwa, machozi yakamwagika kidogo, kisha akaja mwingine na somo likaanza upya. Wageni wakija watano kwa miaka mitano, mwenyeji huyo amewafunza wote, naye hajaitwa mwalimu hata siku moja.

Halafu kuna suala la karatasi. Mgeni hurudi kwao na cheti na barua ya sifa. Akiomba kazi au nafasi ya masomo, mwaka wake Nairobi huhesabiwa kuwa uzoefu. Mwenyeji aliyefanya kazi hiyo kwa miaka sita, akiomba kazi hapa hapa Nairobi, huulizwa uzoefu wake uko wapi. Akialikwa Ulaya kwa mashindano au mafunzo, hutakiwa aonyeshe taarifa ya benki na kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Mtu aliyeutumikia mtaa wake tangu utotoni anatakiwa kuthibitisha kwamba anaupenda kiasi cha kuurudia!

Lawama zote tusiwatwike Wazungu. Nairobi iliandaa mashindano ya riadha ya dunia ya vijana wasiozidi umri wa miaka 18 mwaka 2017, na ya wasiozidi 20 mwaka 2021. Agosti 2025 mechi za CHAN zikachezwa Kasarani. Mashindano ya namna hii hayaendeshwi pasipo vijana wa kujitolea, na kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, watahitajika wengi zaidi. Waandalizi wawatafute kwanza katika viwanja vya Mathare, Korogocho na Kibera, ambako wapo waliokwisha kuendesha mamia ya mechi kwa ratiba na kwa nidhamu. Wapewe nauli na chakula, na mwishoni cheti kinachoeleza kazi waliyoifanya na kwa muda gani. Fulana na kofia hazimsaidii mtu mbele ya mwajiri.

Mifuko ya karo nayo hutegemea wafadhili, na mfadhili akifumba mkono mtoto wa mtu hubaki nyumbani. Kaunti hutenga fedha za basari kila mwaka. Sioni kinachozuia sehemu yake kutengewa vijana wenye rekodi ya huduma, badala ya kungoja Oslo au Berlin waamue.

Walimu nao wana nafasi yao. Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, umeifanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu. Nachelea kwamba katika shule nyingi itageuka kuwa kufyeka nyasi za shule siku ya Ijumaa. Ilhali katika darasa lilo hilo huenda yumo mvulana anayefunza timu mbili za watoto, au msichana ambaye ni refa, na mwalimu wao hana habari. Mwalimu wa darasa aanze kwa kuwauliza, kisha afungue daftari: jina, tarehe, saa, kazi iliyofanywa, na sahihi ya msimamizi wa uwanja.